Sura ya Tatu: Maneno Mapasa na Mikate ya Mama Bernadette

Samedi, neuf heures, saa tatu ya asubuhi kasoro kidogo, Inspecteur Bibiane alikuwa na mukate ya sita mu kinywa vile mulango ya bureau ilifunguka kwa nguvu.

"Mama Inspecteur! Baliiba!"

Bibiane akamuonyesha kiti na kidole yenye mafuta. Akatafuna pole pole. Akameza.

"Baliiba nini, papa?"

"Maneno!"

"Maneno gani?"

"Ya anglais! Quarante! Makumi ine yote!"

Mu bureau ya pembeni, commandant akakohoa, lakini ile kikohozi ilikuwa ni cheko. Halafu sauti yake ikapita mu ukuta: "Bibiane, ile ni dossier yako!"

Mutu mwenye aliingia alikuwa Papa Baudouin, président wa club ya anglais ya Mudzipela. Kostimi ya bleu, kravate imekazwa mupaka shingo inalia. Bibiane akafungua tiroir kutafuta karatasi. Hakuna. Ramette ya mwisho ya karatasi ya commissariat ilikwisha tangu mwezi ya pili. Basi akafanya vile kila polisi wa pale anafanya: akakamata karatasi yenye ilikuwa imefunga mikate, akakungutia vipande inje ya dirisha, akaigeuza. Upande moja ilikuwa na maandiko ya mashini na matone ya mafuta. Upande ingine nyeupe. Sawa. Mu kabati yake kulikuwa PV, ripoti ya wizi ya mbuzi, yenye iliandikwa nyuma ya karatasi ya ubatizo, na tribunal ilipokea bila kuuliza.

Akafungua bic. "Sema. Tokea mwanzo."

Baudouin akavuta pumuzi. Kila mwaka club inafanya concours. Maneno ya anglais, kuandika maana yake. Mwaka hii balikuwa batoto makumi mbili na nane, jana vendredi, mu salle ya shule. Mushindi anaenda Kampala, miezi tatu, kusoma bure kwa kanisa moja ya kule. Bus inatoka lundi asubuhi, kesho kutwa.

"Na nani alishinda?"

"Ndjo shida! Priscille. Trente-six sur quarante! Makumi tatu na sita! Ule mutoto hana mwalimu, hana dictionnaire. Balikimbia vita kule upande ya Kpandroma, anaishi kwa tantine yake, anauzisha naye bitu kwa barabara. Atatosha wapi trente-six?"

"Labda mu kichwa."

"Mama, ngojea. Vile balimupatia karatasi ya maulizo, alisema kwa nguvu, salle nzima ilisikia: 'Eh! Hii ninaijua!'"

Bibiane akasimamisha bic. "Mwizi mwenye anapiga kelele kama ameiba?"

"Mwizi wa bujinga."

"Mwenye trente-six." Akaandika. "Na wa pili ni nani?"

Baudouin akagusa kravate. "Ornella."

"Ornella wa nani?"

"Ornella... wa kwangu. Binti yangu."

Bibiane akaandika ile, akapiga musitari chini. Mara mbili.

"Quatorze heures, saa nane, ninatangaza jina," Baudouin akasema, sasa akiangalia viatu yake. "Kama hakuna mutu anaeleza Priscille aliona ile karatasi wapi, anatoka. Na Bunia yote itajua ni mwizi."

"Itajua kama unaambia."

"Miye ni président."

"Sawa, président. Lakini jua kitu moja: miye anglais sijue hata neno moja."

"Sasa utapeleleza namna gani?"

"Papa, mwaka jana nilikamata bezi ya pikipiki ine, na kuendesha sijue." Akakunja karatasi yake, akaitia mu mufuko. "Twende."

*

Salle ya shule ilikuwa na banc zimepangwa kama kanisani. Mwalimu Gaspard alikuwa pale anazunguka, mikono mu mufuko, chaki kwa kola, chaki kwa nyusi. Yeye ndjo alitunga maulizo. Bibiane akamukalisha.

"Mwalimu, nieleze kama unaeleza mutoto. Haya maneno ni gani?"

Uso ya Gaspard ikawaka. Inaonekana hakuna mutu alishamuuliza ile kwa upole.

"Ni mapasa, mama! Sikiliza. Bark. Ni ngozi ya muti. Lakini bark tena ni vile imbwa inalia. Unaandika moja, unasema moja, na ni bitu mbili. Sasa ona ingine: son na sun. Kuandika, ziko mbali mbali. Lakini sikio yako haione tofauti. Moja ni mutoto mwanaume, ingine ni jua. Bazungu hawana aibu! Sura moja ao sauti moja, kila moja na roho yake. Ndjo miye ninaita mapasa. Miaka makumi tatu niko nayakusanya."

"Jirani yangu iko na mapasa," Bibiane akasema. "Moja anaiba sukari, ingine ndjo anapigwa."

"Ndjo anglais yenyewe!" Gaspard akapiga mikono, chaki ikapanda kama moshi.

Bibiane akacheka, lakini macho yake ilikuwa tayari kwa meza. Enveloppe ya kaki. Akatosha téléphone, akapiga picha mbele, nyuma, pembeni. Akaivuta picha na vidole mbili, ikawa mukubwa. Akaivuta tena.

"Mwalimu, hapa kuna scotch mbili za kufungia."

"Mbili?"

"Moja chini, moja yulu. Ya chini ilikatwa na kisu. Enveloppe hii ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Ilikuwa kwa nani mupaka jana?"

Baudouin akasimama kwa banc yake. Gaspard akawa mwekundu chini ya ile chaki yote.

"Kwa... kwangu."

"Nani aliifungua?"

"Miye."

"Aa!" Baudouin akapiga kelele. "Aa!"

"Kaa, papa. Mwalimu, sababu gani?"

Gaspard akainama, sauti ikawa ya mutu anatubu. "Lunettes yangu ilikuwa ndani."

"Nini?"

"Miwani yangu, mama! Nilitia maulizo mu enveloppe, nikaweka lunettes yulu yake, nikafunga. Nikapiga scotch. Nikasaini. Halafu nikazunguka nyumba saa moja natafuta lunettes ju nipate kusoma kama nilisaini fasi ya muzuri."

Kule mulangoni, Elysée, sentinelle mwenye analinda shule, akapasuka na cheko. "Ni kweli, mama! Alikuja kwangu kuomba kisu. Miye ndjo nilikata. Lunettes ikaanguka pale chini, tukafunga mara moja. Hakuna karatasi ilitoka."

Bibiane akahesabu kopi. Zilikuwa trente. Makumi mbili na nane za batoto, mbili zilibaki. Hakuna yenye ilipotea. Piste ya kwanza ya kufuata imekufa, na lunettes ndjo iliiua. Akaandika kwa karatasi yake: *Scotch, hapana. Lunettes.* Saa ilikuwa dix heures et demie, saa ine na nusu.

"Nipatie kopi ya Priscille."

Kurasa mbili, zimefungwa na agrafe moja, kile kichuma kidogo, kwa kona. Maulizo makumi mbili kwa page ya kwanza, makumi mbili kwa page ya pili. Bibiane akaziweka pembeni kwa pembeni. Haelewe hata herufi, lakini anglais haikuwa kazi yake. Kazi yake ni mikono ya batu.

Page ya kwanza: safi. Bic ilitembea bila kusimama. Hakuna neno moja imefutwa.

Page ya pili: weeh! Kama kuku mbili zilipigana pale. Kufuta, kuandika yulu, kufuta tena, kishale inapanda pembeni, tone ya jasho imefanya wino ikimbie.

"Ya kwanza alimaliza na dakika ngapi?"

"Ine, tano," Gaspard akasema. "Nilishangaa. Ya pili alikaa nayo mupaka kengele. Alikuwa anauma bic."

Bibiane akasimama. Akatembea mupaka dirisha, akarudi.

"Mutu mwenye anafungua enveloppe anapata page mbili, ju zimefungwa na agrafe. Haiko njia ya kuona moja na kuacha ingine. Lakini huyu mutoto alijua moja tu. Maana yake aliiona vile agrafe ilikuwa haijapigwa. Mwalimu, agrafe ilipigwa wapi?"

"Kwa Willy, kwa secrétariat public pa rond-point. Mercredi, siku mbili mbele ya concours. Alisaisir kwa ordinateur, akafanya kopi, akafunga."

"Na Priscille iko wapi?"

Alikuwa mu classe ya nyuma, peke yake. Musichana wa miaka kumi na tisa, kitambaa ya manjano kwa kichwa, mikono imekaa kwa magoti. Macho ilivimba, lakini alisimama vile mukubwa aliingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Uliiba karatasi?"

"Hapana."

"Uliiona mbele ya concours?"

Akakaza kitambaa kwa kichwa. Halafu, polepole: "Ndiyo."

"Wapi?"

"Ile sisemi."

"Priscille, quatorze heures banaondoa jina yako. Kampala inakwenda."

"Ninajua, mama."

"Sasa sababu gani unanyamaza?"

Musichana akaangalia chini. "Ju kuko mutu mwingine atapoteza kazi, na hakufanya kitu ya mubaya. Miye Kampala sijaionaka. Yeye kazi yake iko nayo kila siku."

Mu miaka kumi na moja ya kazi, bezi walimudanganya na mama mugonjwa, na mapepo, hata na mbuzi. Hakuna mwenye alishakataa kujitetea ju ya kazi ya mwingine.

*

Secrétariat ya Willy ni kibanda ya mbao: mashini moja ya kopi, ordinateur mbili, batterie ya solaire chini ya meza inalia kama mende. Willy mwenyewe, kijana mwenye maneno mingi, alikuwa anasaisir barua ya mutu na anakula.

"Mama Inspecteur! Kopi ao kuimprimer?"

"Kuuliza. Mercredi, kazi ya Mwalimu Gaspard. Page ya kwanza ilitoka muzuri?"

Vidole ya Willy ikasimama kwa clavier. "Ilitoka."

"Mara ya kwanza?"

"Eh... ya kwanza, mashini ilikula kichwa."

"Kichwa ya nani?"

"Ya karatasi! Iliingia mubaya. Juu pale kwenye imeandikwa jina ya club, na concours, na date, yote ilikatika. Ilitoka maneno tu, kuanza un mupaka vingt, ile makumi mbili ya kwanza. Trente nzima, bila kichwa! Nikapiga zingine trente. Batterie ikakaribia kufa. Miye pia."

"Na zile trente ya gâchis, zenye ziliharibika, ulizifanya nini?"

"Nilitupa."

"Wapi?"

"Pale." Akaonyesha kona. Kwa kona kulikuwa fagio na kuku moja. Hakuna pipa ya takataka.

Bibiane akaangalia chakula ya Willy. Mikate tatu, moto bado, yulu ya karatasi. Akasogeza mukate moja na bic, akasoma kwa sauti: "*Familia mbili ziko na furaha ya kuwaalika...* Willy, unaoa?"

"Hapana, mama."

"Hii invitation ya ndoa ni ya nani?"

"Ya... clients. Walikosea date."

"Na imefika namna gani chini ya mikate yako?"

Willy akafunga macho. Akafungua moja. "Patron alisema karatasi ya batu isitoke hapa, hata ya gâchis. Akijua, ananifukuza. Lakini mama, kuchoma karatasi nyeupe upande moja, ni zambi! Kila jeudi asubuhi, hata juzi, ninamupatia mama wa mikate lundo nzima. Na yeye ananipatia mikate tatu kila siku. Ni vile tu."

"Na maulizo ya Gaspard ilikuwa mu lundo?"

"Kusema kweli? Sijue. Zote ziko fasi moja. Labda ndiyo, labda nilipasua. Siwezi kuapa."

"Ule mama anaitwa nani?"

"Mama Bernadette. Tantine ya Priscille."

Bibiane akaangalia saa. Midi, saa sita kamili. Akampiga Willy bega. "Maliza mukate yako. Na patron, acha niongee naye miye."

*

Hatua makumi tano tu. Vile alifika, Bibiane akasimama, mikono kwa kiuno, akaanza kucheka peke yake. Ilikuwa mama wake wa mikate! Mama wa kila asubuhi, mwenye anamuuzisha mikate sita, na Bibiane hakumuulizaka jina. Miaka mbili.

"Mama polisi! Ulishakula ile yote?" Mama Bernadette alikuwa anatosha mikate mu mafuta na kijiko ya matundu, mukono moja, bila kuangalia. Pembeni yake alikuwa Priscille. Alitoka shule, akakuja kusaidia, ju mikate haingojee kesi.

"Niko na njaa ya karatasi," Bibiane akasema. "Nionyeshe zenye unafungia."

Lundo ilikuwa chini ya jiwe. Bibiane akapiga magoti pembeni yake, akapekua moja moja. Acte ya kuzaliwa. Acte ya kuzaliwa. Menu ya restaurant yenye ilishafunga. Barua ya mapendo yenye mutu alilipa kusaisir, weeh, acha. Invitation ya ndoa, tena invitation, tena. Ya anglais, hakuna. Hata moja.

"Za jeudi ziliisha," Mama Bernadette akasema. "Leo asubuhi nilifungia ya mwisho."

Bibiane akamugeukia Priscille. "Willy alishasema yote. Hapotezi kazi, nimemuahidi. Sasa sema."

Na Priscille akasema. Ilikuwa kama kufungua robinet ya maji.

"Mama, miye ninasoma anglais kwa karatasi za tantine. Sina kitabu. Kila karatasi yenye iko na anglais, ninaiweka pembeni, ninaitundika na kamba kwa ukuta, halafu ninatafuta maana. Ile ya jeudi ilikuwa maneno tupu, haina kichwa, haina jina. Nilizania ni zoezi ya shule ya mutu. Nikaipenda! Ju iko na mapasa kama Mwalimu anafundisha. Kuna flour na flower, sauti moja: moja ni unga, ingine ni maua. Unga, mama! Ya siye hapa!"

"Na maana ya zile zote ulipata wapi?"

"Nikauliza batu. Wenye wanakuja kununua. Chauffeur moja wa lori ya Uganda alinieleza bank: ni nyumba ya feza, na ni pembeni ya mutoni pia. Infirmière wa hospitali alinieleza zingine. Pasta alinieleza tatu. Siku nzima niko nafunga mikate na kuuliza."

"Kwa barabara? Mbele ya batu yote?"

"Ndiyo. Na..." Akafunika kinywa. "Kuna mutu mwingine. Ule, siwezi kusema."

"Sema kwa sikio."

Priscille akainama, akasema kwa sikio. Bibiane akashika meza na mikono mbili. Akacheka mupaka machozi, mupaka bateja wakageuka, mupaka mukate moja ikaungua.

Halafu cheko ikakauka. "Lakini ile karatasi yenyewe iko wapi? Yenye ulitundika."

Uso ya musichana ikaanguka. "Jana, vile waliniita mwizi... niliitia mu moto. Chini ya mafuta, hapa hapa. Niliogopa."

"Na ingine hakuna?"

"Hakuna."

Treize heures, saa saba, na dakika kumi. Bibiane akahema. Willy hawezi kuapa. Tantine ni tantine. Musichana ni musichana. Bila karatasi, Baudouin atasema ni hadisi ya familia, na nani atamupinga? Akatia mukono mu mufuko, akatosha notes yake, akaifungua mbele ya macho kusoma tena tangu mwanzo. *Wizi ya maneno quarante. Ornella wa kwake. Scotch, hapana. Lunettes.* Labda kuna kitu aliruka.

Priscille alikuwa amesimama mbele yake, upande ingine ya karatasi.

"Mama Inspecteur," akasema polepole.

"Ngojea, niko nafikiri."

"Mama. Usisogee."

"Nini?"

"Un: bark. Deux: bank. Trois: flour..." Sauti yake ikapanda, ikapanda, ikawa kelele. "Tantine, kuja uone! Iko nayo! Polisi yenyewe iko nayo!"

Bibiane akageuza karatasi. Matone ya mafuta. Maandiko ya mashini. Un mupaka vingt, haina kichwa.

Tangu asubuhi alikuwa anaandika kesi nzima mugongoni ya preuve, ushahidi yenyewe.

*

Quatorze heures, salle imejaa. Batoto wa concours, bazazi, Priscille na Mama Bernadette mwenye kikapo ya mikate, Elysée kwa mulango, Willy nyuma kabisa, anajificha nyuma ya mutu munene. Baudouin mbele, karatasi ya majina mu mukono.

"Président," Bibiane akasema, "mbele ya jina, dakika tano."

Akaeleza yote: mashini yenye ilikula kichwa, lundo, mikate. Akapandisha karatasi yulu, wote waone. Gaspard akakuja karibu, akavaa lunettes, akaisoma mara mbili.

"Ni yangu," akasema. "Page ya kwanza, yote. Na inanukia muzuri."

Salle ikacheka. Baudouin hakucheka. "Kumbe ni kweli aliiona! Iliibiwa ao haikuibiwa, alijua maulizo. Anatoka!"

"Kama kujua ni kosa, papa, tuwe sawa kwa wote," Bibiane akasema. "Karatasi hii ilifunga mikate ya Bunia nzima. Juzi jeudi, dix heures ya asubuhi, mutu moja alinunua mikate ine. Priscille akamuuliza: 'Papa, bark iko na mapasa gani?' Ule mutu akaweka mikate kwa meza. Akasimama wima. Akaeleza ngozi ya muti. Halafu, ju aeleweke muzuri, akalia kama imbwa. Mbele ya batu. Mara tatu."

Baudouin akashika kravate.

"Alikuwa na kostimi ya bleu," Bibiane akaongeza.

Mutu wa kwanza kucheka alikuwa Ornella. Alianguka kwa bega ya jirani. "Papa! Ulikuja nyumbani na mikate ine, ukasema umefundisha anglais kwa barabara! Ulijisifu mupaka midi!"

"Nilikuwa... ninasaidia mutoto," Baudouin akasema, na sasa kinywa yake mwenyewe ilianza kutetemeka.

"Na ile karatasi ya mikate yako?" Gaspard akauliza.

"Niliitupa! Nani anasoma karatasi ya mikate?"

"Mutu moja tu," Bibiane akasema. "Bon. Sasa tufanye haki. Page ya kwanza ilitembea kwa barabara, tuiache, ya wote. Page ya pili haikutoka kwa mashini mubaya, hakuna mutu aliiona. Anglais sijue, lakini alama nyekundu ya Mwalimu ninajua kuihesabu. Mwalimu, tuhesabu pamoja, kwa sauti."

Wakahesabu. Salle nzima ikahesabu nao. Ornella, page ya pili: treize, kumi na tatu. Mwingine, onze. Mwingine, neuf. Halafu ile page yenye kuku zilipigana, na jasho, na kishale. Dix. Onze. Sauti ikapanda. Treize. Quatorze! Elysée alikuwa anapiga mulango na mukono. Quinze! Seize!

Seize sur vingt, kumi na sita mu makumi mbili. Hakuna mwingine karibu.

Baudouin akaangalia karatasi ya majina. Akaangalia Ornella, Ornella akamuonyesha na kidevu: fanya. Akalegeza kravate, mara ya kwanza tangu asubuhi, akapumua kama mutu ametoka mu maji.

"Mushindi wa concours," akatangaza, "mwenye anaenda Kampala lundi: Priscille!"

Kigelegele ya Mama Bernadette ilipasua bati. Batoto wakapanda banc. Willy akatoka nyuma ya mutu munene, akacheza. Ornella akapita mu kelele, akatia dictionnaire yake mu mukono ya Priscille. "Kamata. Labda kule Kampala banafungia mikate mu sachet ya plastike. Utasoma nini?" Na Baudouin akaomba kuondoa plainte, yale mashitaka yake. Bibiane akamupatia bic, akasaini pale pale, pembeni ya tone ya mafuta, akaongeza kwa herufi ndogo: *samahani, binti*.

Lakini mushindi alikuwa wapi? Wote walikuwa wanacheza, yeye alikuwa kwa meza ya mbele, ameshika mukono ya Gaspard.

"Mwalimu, zile ine zenye nilikosa kwa page ya pili. Maana yake ni gani? Niandikie, nisome mu bus."

Gaspard akatafuta mu mufuko. Chaki tu. Akaangalia meza, akaangalia chini. "Nani iko na karatasi?"

Mama Bernadette, jasho kwa uso na kicheko kwa kinywa, akatosha moja mu kikapo, akainyoosha na mukono, akamupatia. Gaspard akafungua bic, akaiweka kwa karatasi...

"Mwalimu!" Bibiane, Baudouin na Willy wakapiga kelele pamoja. "Geuza kwanza!"